Mwanangu Ananyamaza Mbele Yangu, kwa Baba Yake Anazungumza

Mshauri mpendwa, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi kwa mwaka wa kumi na sita sasa, na ni mama wa watoto watatu. Ninakuandikia usiku wenzangu wakiwa wamelala, kwa sababu mchana nikianza kulieleza jambo hili sauti yangu hupanda, na anayenisikiliza hudhani ninagomba.

Mtoto wangu wa pili ni mvulana wa miaka 11, yuko darasa la tano katika shule ileile ninayofundisha, na tangu Januari mimi ndiye mwalimu wake wa Hisabati. Dada yake, ambaye yuko sekondari, amenifuata mimi: anasema linalomkera, tunazozana, na kabla chakula hakijaiva tumekwisha kupatana. Mvulana amemfuata baba yake. Mume wangu ni fundi seremala, karakana yake iko uani kwetu, na ni mtu ambaye ukimuuliza swali asubuhi anaweza kukupa jibu lake jioni, akiwa ameshalipima pande zote kama anavyopima mbao. Nilimpenda hivyo na sijawahi kumlalamikia. Lakini mtoto sikumwelewa hivyo. Nilihesabu ukimya wake kuwa uvivu, baadaye nikauhesabu kuwa kiburi.

Mwezi Desemba tulipanda Kibosho kwa wazazi wa mume wangu, kama tunavyofanya kila mwaka, na ukoo wote ulikuwa umejaa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo. Babu yake alimwita mbele ya watu aombee chakula. Mtoto alisimama, akainamisha kichwa, hakutoa neno. Nilisubiri kidogo, nikaona aibu, nikasema kwa sauti: "Huyu sijui kamfuata nani, mdomo wake ni wa kulia chakula tu." Watu walicheka. Tulipomaliza kula hatukumwona, na baba yake alimkuta amekaa peke yake kando ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, akitazama maji. Tangu siku ile ananijibu maneno mawili tu: "Ndiyo, mama" na "Hapana, mama." Mama mkwe wangu ananionya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwamba nisipomkunja mapema atakuja kunishangaza.

Darasani nako nilimwumiza. Siku moja nilimuuliza swali la sehemu, akatazama dawati, nikampa mwingine nafasi, halafu nikaongeza: "Mama yako ndiye mwalimu wako na bado hujui?" Wenzake walicheka. Jioni nilisahihisha madaftari nikakuta ameandika jibu sahihi, na pembeni ameonyesha njia ya pili ambayo sikuwa nimeifundisha.

Mwezi Machi shule yetu ilileta mkufunzi akatufundisha kwa siku moja kuhusu mitindo minne ya watu katika kuhusiana na wenzao. Alituambia kuna wasukumaji, wachangamfu, wapole na wachunguzi. Tulijaza fomu, nami nikatoka msukumaji. Nakiri kwamba nilipata nafuu kubwa, nikasema kumbe ndivyo nilivyoumbwa. Nilirudi nyumbani nikampachika mume wangu jina la mchunguzi, na mtoto pia, nikamwambia, "Wewe ni mchunguzi, ndiyo maana huwezi kujibu haraka." Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu alinijibu sentensi nzima. Alisema: "Mama, mimi huwa bado nafikiri, wewe unakuwa umeshaenda kwa mwingine." Sikujua la kumwambia. Nilimtuma akalete chumvi.

Mshauri, kilichonivunja moyo ni kingine. Jioni moja nilikuwa napeleka chai karakana, nikasikia sauti nje ya mlango nikadhani mgeni amekuja. Alikuwa mwanangu, akimweleza baba yake jinsi ya kukata pembe za fremu ya mlango zikutane bila kuacha nafasi. Alieleza, akajirudia, akajisahihisha, akacheka. Nilisimama na sinia mkononi mpaka chai ikapoa. Mwaka mzima sikuwa nimemsikia akisema maneno mengi hivyo, nami nilirudi jikoni nikalia.

Wiki mbili baadaye mume wangu alinionyesha karatasi ambayo mtoto aliiacha kwenye meza ya kazi. Imeandikwa: "Baba naomba nikasome bweni. Usimwambie mama bado." Mume wangu alikaa nayo siku tatu kabla ya kunionyesha. Nilipomuuliza anaonaje alisema tu, "Tumwache aende, labda atapumua." Neno hilo kupumua limenichoma, maana ni kama wamekaa wawili wakaamua kwamba mimi ndiye ninayewaziba pumzi.

Sasa sijui nishike lipi. Nikimruhusu aende bweni ninaogopa nitakuwa nimempoteza nikiwa hai. Nikimkatalia, ninaogopa atakaa nami kama mpangaji. Mwalimu mkuu amenishauri nibadilishane vipindi na mwenzangu wa darasa la sita ili nisimfundishe mwanangu, lakini ninaona ni kama kukiri mbele ya shule nzima kwamba nimeshindwa na mtoto wangu mwenyewe. Na je, mtu aliyeumbwa msukumaji anaweza kubadilika akiwa na miaka 41 bila kuwa mnafiki? Mama yangu aliuza ndizi sokoni Mbuyuni, akatusomesha watoto sita kwa sauti yake. Hakutubembeleza, na hakuna hata mmoja wetu aliyepotea. Kwa nini iliyotufaa sisi imdhuru huyu?

Mama Mwalimu, Moshi

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, Mwalimu, na asante kwa kuniandikia usiku. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekaa kidogo pale uliposimama na sinia nje ya karakana. Mama asiyejali angeingia, akaweka chai mezani, akasema imepoa kwa sababu yao. Wewe ulisimama ukasikiliza. Ninakuomba ulikumbuke hilo tunapoendelea, kwa kuwa katika barua nzima umejieleza kama mtu asiyejua kusikiliza.

Nikikuelewa vizuri, umeleta maswali matatu yaliyofungwa katika furushi moja: mtoto aende bweni au abaki, uendelee kumfundisha au umwachie mwenzako, na kama inawezekana mtu wa namna yako akaishi na mtoto wa namna yake bila mmoja wao kuvunjika. Ninadhani swali la tatu ndilo linaloyabeba mawili ya kwanza, kwa hiyo nitaanzia hapo, na utanivumilia nikichukua muda.

Mkufunzi wenu aliwaletea kazi ya Wamarekani wawili, David Merrill na Roger Reid, kazi iliyoanza miaka ya 1960. Walitazama mambo mawili katika mwenendo wa mtu: kama ana tabia ya kutamka analolitaka au ya kuuliza, na kama hisia zake huziachia zionekane au huzizuia. Ukiyapishanisha hayo mawili unapata ile mitindo minne. Lakini yako mambo ambayo siku moja ya mafunzo pengine haikutosha kuyaeleza. Walichokichunguza ni mwenendo unaoonekana kwa nje, yaani vile wengine wanavyokuona na kukusikia, na kwa sababu hiyo njia yao ilitegemea sana watu wanaokuzunguka wakueleze, kwa kuwa mara nyingi mtu anavyojiona hakulingani na anavyoonekana. Wewe ulijaza fomu kuhusu nafsi yako. Imekuambia unavyojidhania, na hilo lina faida yake, lakini halijakuambia mwanao anasikia nini unapolitaja jina lake. Pia waliitengeneza kwa ajili ya watu wazima na mahusiano ya kazini. Mtoto wa miaka 11 bado anajijenga, na ukimkabidhi jina la mchunguzi leo, huenda akaliishi jina badala ya kuendelea kukua.

Jambo la mwisho katika kazi yao, nami ningetamani ungelisikia siku ileile, ni kwamba walipima kitu cha tatu kando ya mitindo, nacho ni uwezo wa mtu kurekebisha mwenendo wake ili mwenzake asikwazike. Uwezo huo hauko upande wa mtindo mmoja. Msukumaji anaweza kuwa nao sana, na mpole anaweza kuukosa kabisa. Kwa hiyo neno ulilolipata kwenye fomu, ambalo ulilipokea kama hukumu ya maumbile na ukapata nafuu, halikuwa limekusudiwa kufunga mlango wowote.

Umeniuliza kama kubadilika ni unafiki. Naomba nikuulize nami: msibani unazungumza kwa sauti ya darasani? Unapompokea mzazi aliyekuja shuleni akilia kwa sababu hana ada, unamkatiza? Ninaamini hapana. Umeshakuwa na sauti zaidi ya moja kwa miaka mingi, na hakuna aliyekuita mnafiki kwa kuishusha sauti penye msiba. Ninachojiuliza ni kwa nini sauti ile ya polepole imekuwa ikifika kwa wageni kabla ya kumfikia mwanao. Sina jibu, nawe usilikimbilie. Mara nyingi tunawapa wageni uvumilivu wetu, kisha nyumbani tunarudi na haraka tuliyobakiza, kwa kuwa huko tunajua tutasamehewa.

Turudi kwa ile sentensi yake: "Mimi huwa bado nafikiri, wewe unakuwa umeshaenda kwa mwingine." Mwalimu, mtoto huyo amekueleza kwa maneno machache jambo ambalo watafiti walilifikia kwa kurekodi vipindi vingi. Mary Budd Rowe, Mmarekani aliyeshughulika na ufundishaji wa sayansi, alipima muda ambao mwalimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta kwa kawaida ni kama sekunde moja tu kabla hajarudia swali au kumwita mtoto mwingine. Walimu waliojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi waliona majibu yakirefuka, ukimya na "sijui" vikipungua, na watoto waliodhaniwa wazito wakianza kuchangia. Sekunde tatu ni muda mdogo sana kwa kuusema, lakini wewe umesimama mbele ya darasa lililojaa kwa miaka kumi na sita na unajua zinavyoonekana ndefu ukizikaa kimya. Ukijaribu, usimjaribie yeye peke yake, maana ataona taa imeelekezwa kwake. Lijaribie darasa zima. Si ajabu ukagundua kwamba mwanao si mtoto wa pekee aliyekuwa bado anafikiri.

Lakini sitaki nikuache na picha kwamba kosa lote ni la kasi yako. Fikiria tunavyowalea watoto wetu huku mlimani, na nchini kote kwa kweli. Nyumbani mtoto anaambiwa asidakie maneno ya wakubwa, asiwakazie macho, asubiri aulizwe, na akitulia anasifiwa kuwa ana adabu. Mtoto huyohuyo akivuka lango la shule anatakiwa anyooshe mkono, aseme kwa sauti, ajitetee mbele ya wenzake arobaini. Wako watoto wanaobadilisha nguo hizo mbili mlangoni bila shida, kama binti yako. Wako wengine ambao lile somo la kwanza liliwaingia kwa kina. Siku ile ya Desemba alisimamishwa mbele ya wazee wake wote, mahali ambapo tangu azaliwe amefundishwa kunyamaza, akatakiwa aseme. Inawezekana kichwa kilichoinama hakikuwa ukaidi hata kidogo. Na kuhusu ile methali ya mama mkwe wako, nakuomba utafakari inamfanya nini mtoto mkimya akiisikia kila mara juu yake, kwamba ukimya wake unaogopwa kama bunduki iliyofichwa, ilhali yeye alikuwa akitafuta tu maneno.

Walikuwapo madaktari wa akili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, mume na mke, ambao kuanzia mwaka 1956 waliwafuatilia watoto 133 tangu uchanga hadi utu uzima. Waliona kwamba watoto wengine tangu wakiwa wachanga huhitaji muda kuzoea watu na mahali kabla ya kuchanua. Ninawataja kwa sababu ya jambo lingine. Wakati ule ilikuwa desturi mama kulaumiwa kwa kila kasoro ya mtoto, nao waliipinga desturi hiyo. Walisema tabia ya mtoto peke yake haileti matatizo, wala tabia ya mzazi peke yake, bali matatizo huzuka pale ambapo matazamio ya wanaomzunguka hayalingani na vile alivyo. Si kwamba mumeo ni mzazi bora kuliko wewe. Inatokea tu kwamba kasi yake na kasi ya mtoto zinalingana, kama ambavyo yako na ya binti yako zinalingana bila ninyi kufanya jitihada yoyote.

Hapo ninapata jibu dogo kwa swali lako kuhusu mama yako, yule mzee wetu wa Mbuyuni, ambaye sijui kama bado yupo. Watoto sita waliosomeshwa na sauti moja si ushahidi kwamba wote sita waliisikia namna moja. Je, miongoni mwenu hakuwapo aliyekuwa mkimya? Ukimwendea leo, mkiwa wawili tu, ukamuuliza ilikuwaje kwake, huenda akakuambia jambo ambalo hukuwahi kulisikia. Na yawezekana pia mama yenu alikuwa na njia nyingine ya kuwafikia, kipande cha ndizi alichokuwekea, mkono alioupitisha kichwani ukiwa umelala, ambayo wewe umeisahau kwa sababu sauti ndiyo iliyobaki masikioni. Ukali wa mama kwa watoto wake na kasi ya maneno yake ni vitu viwili. Unaweza kubaki mama mwenye kudai kazi nzuri na heshima, na bado ukangoja jibu.

Kuhusu mumeo nitasema machache. Umeyasoma maneno "labda atapumua" kama shtaka dhidi yako, na huenda lina ukweli fulani. Lakini wewe mwenyewe umenieleza kwamba ni mtu wa kupima siku nzima kabla ya kujibu. Aliombwa na mwanawe atunze siri, akakaa nayo siku tatu, kisha akaitoa siri hiyo ya mtoto ili asikufiche wewe. Ninaona hapo mtu aliyebanwa kati ya wawili anaowapenda, na sioni wazi upande aliouchukua. Muulize zile siku tatu zilikuwaje kwake, na jibu ulingoje hadi jioni.

Sasa bweni. Serikali yetu mwaka 2023 ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kwa hoja kwamba umri huo unahitaji malezi ya mzazi. Mwanao ameuvuka mstari huo kwa darasa moja tu. Wapo watoto wakimya wanaochanua bweni, kwa sababu wanafika mahali ambapo hakuna anayewajua kama "yule asiyeongea" na wanaanza upya. Wapo pia wanaozama, kwa kuwa katika bweni la watoto wengi asiyesema kwamba sahani yake imechukuliwa hulala na njaa, na asiyesema kwamba anaonewa huonewa tena kesho. Tena huko hakuna karakana. Mtoto huyu ana mahali pamoja duniani ambapo maneno yake hutiririka, na akienda bweni atapaacha papo hapo anapokuacha wewe. Sijui kama amelifikiria hilo. Wala sijui kama anakwenda kwenye jambo analolitamani au analikimbia analoliogopa, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa kuwa anayekimbia hubeba anachokikimbia.

Kumkatalia moja kwa moja nako kuna hatari zake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu, lakini hata tukiiacha sheria pembeni, hebu ona alichokifanya. Mtoto ambaye mnalalamika kwamba hasemi ameketi, ametafuta maneno, ameyaandika, ameyaweka mahali yatakapoonekana. Akijibiwa hapana bila kuulizwa neno, atajifunza kwamba hata kuandika hakusaidii. Kati ya ndiyo na hapana mnaweza kumwambia kwamba ombi lake limepokelewa, kwamba mtalizungumza mwisho wa mwaka, na kwamba kabla ya hapo mtakwenda naye kuiona shule moja au mbili aone mabweni kwa macho yake. Ubaya wa njia hiyo ni kwamba ahadi mkiipuuza mtakuwa mmefanya vibaya kuliko kukataa.

Kubadilishana vipindi ninakuona unakuogopa kwa sababu ya macho ya walimu wenzako. Ninaelewa, maana mji wetu ni mdogo na maneno hupanda daladala kabla ya mwenyewe. Hata hivyo, walimu wengi huona ni busara kutomfundisha mtoto wao, na wengine huona fahari kumfundisha, na kote wapo waliofanikiwa. Kinachonipa wasiwasi zaidi ni vile yeye atakavyolisikia. Akiingia darasani Jumatatu akakuta mwalimu mwingine bila kuambiwa, anaweza kuamini kwamba umemtoa kwako kama ulivyompita lile swali la sehemu. Ukiamua hivyo, ajue kabla ya darasa. Na ukiamua kubaki, kuna jambo moja darasani ambalo ni wewe tu unayeweza kulirekebisha: ile njia ya pili aliyoichora pembeni mwa daftari hadi leo hujamwambia kwamba uliiona. Kalamu yako nyekundu ya kusahihishia inaweza kuandika maneno manne pale pembeni, naye atayasoma akiwa peke yake, kwa kasi yake.

Kwa kweli ninaona mtoto huyu anaandika kwa urahisi kuliko anavyosema, na hilo linakupa mlango ambao hauhitaji sauti. Tena watu wa huku wana lugha yao ya kale ya kuomba msamaha bila hotuba. Mchagga aliyekosana na mwenzake humpelekea jani la isale, na anayepokea analielewa hata kama hakuna aliyefungua kinywa. Sikuambii ufanye hivyo. Pengine kwa mtoto wa miaka 11 litakuwa zito mno, na mumeo anajua kuliko mimi desturi ya kwao inaruhusu nini kati ya mzazi na mtoto. Ninalikumbusha ili uone kwamba si lazima aibu iliyosemwa kwa sauti ifutwe kwa sauti. Ninahofia hasa ukitaka kumwomba radhi mbele ya ukoo uleule Desemba ijayo. Nia itakuwa njema, lakini utakuwa umemsimamisha tena katikati ya macho yaleyale.

Na karakana, dada yangu, usiivamie. Najua moyo wako utakutuma uchukue kiti ukae nao ili nawe uyasikie yale maneno. Ukiingia bila kualikwa huenda yakakatika, na yeye atakuwa amepoteza chumba chake kimoja. Tafuta kazi yako nyingine ya mikono mnayoweza kuifanya mkiwa mmekaa ubavu kwa ubavu badala ya uso kwa uso, kuchambua maharage, kupogoa migomba siku mkipanda Kibosho, kazi ambayo ukimya ndani yake ni wa kawaida na hakuna anayesubiriwa aseme. Siku za kwanza asipotamka chochote, usimuulize kwa nini.

Kabla sijaiacha kalamu kuna jambo ambalo lazima nikuulize kama mshauri. Ukimya huu uko mbele yako tu, au umesambaa? Anakula, analala, anacheza na wenzake njiani kutoka shule? Kwa jinsi ulivyomweleza akiwa na baba yake sina hofu kubwa, lakini ikiwa amenyamaza pia kwa marafiki, au ameacha kula, au masikio yake yana tatizo ambalo hamjalipima, hayo yanahitaji daktari wa watoto na hayawezi kungoja barua za kwenye safu hii.

Ile karatasi yake nimeiandika upya hapa mezani kwangu ili niitazame vizuri. "Baba naomba nikasome bweni. Usimwambie mama bado." Wewe na mumeo mmelitazama neno bweni. Mimi jicho langu limekwama kwenye lile la mwisho. Hakuandika usimwambie mama. Aliandika bado. Mtoto anayepima maneno yake kiasi hicho sidhani kama aliliweka neno hilo bila kulifikiria, na alichokuwa anakingoja kabla wewe hujaambiwa ni yeye tu anayekijua.